Chumvi Katika Hesi: Historia ya Chuma Kilichogoma, Shinyanga na Geita

Miongoni mwa maneno ambayo Wareno waliyaacha katika pwani ya Waswahili, yapo yaliyoingia majumbani na hata katika tungo bila ya kubisha hodi: meza, leso, karata, bendera, gereza. Lipo jingine dogo ambalo wapenzi wa ushairi hawana shughuli nalo kubwa. Nalo ni parafujo, lililotokana na *parafuso* la Kireno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Ngome ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Katika karne hizo mbili watu wa pwani walijifunza jina la msumari wa ajabu usioingia kwa kupigwa bali kwa kuzungushwa, na usiotoka kwa kung'olewa bali kwa kuzungushwa kinyume.

Safari ya neno na safari ya kitu haziendi kwa mwendo mmoja. Parafujo kama neno limebakia zaidi pwani na katika kamusi. Parafujo kama kitu imeingia bara, imevuka Unyamwezi na Usukuma, na leo imelala chini ya matumbo ya magari ya Shinyanga, Kahama na Geita kwa majina mengine: bolti, nati, skrubu. Huko ndiko inakopatikana kwa wingi katika hali yake mbaya kuliko zote, yaani ilipokwisha kushika kutu na kukataa kutoka. Historia ya chuma hicho kilichogoma, na ya watu waliojifunza kukibembeleza, haijaandikwa sana. Si ajabu. Historia ya dhahabu na almasi ya nchi hiyo ndiyo iliyopata wino.

Ili ukaidi wa bolti ufahamike, yafaa ifahamike kwanza bolti yenyewe. Hesi, ile mistari iliyochongwa kuizunguka, ni mlima mrefu mwembamba uliozungushwa kwenye fimbo. Nati inapokazwa huupanda mlima huo hatua kwa hatua, nayo fimbo huvutika kidogo sana kama kamba ya ngoma. Kinachoishika nati isirudi nyuma ni msuguano tu. Basi maji yakiingia katikati ya hesi, na chuma kikageuka kutu, kutu hiyo hudai nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na hata zaidi. Nafasi haipo. Kwa hiyo kutu hujikaza, hujisokota, ikawa yenyewe ni kabari iliyopigiliwa kutoka ndani. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakizungumzia nati, lakini hapana nati iliyoganda isiyostahiki kuandikwa maneno hayo.

Mtu wa visiwani hahitaji kufundishwa chumvi inavyolisaidia tendo hilo. Mabati, bawaba za milango na baiskeli zilizoegeshwa karibu na fukwe ni walimu wa kutosha. Mtepe, chombo cha kale cha Lamu na visiwa vyake, ulishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari wa chuma, na hakukuwa na cha kushika kutu katika mishono yake. Ajabu ni kwamba chumvi imewafuata watu wa Shinyanga, walio mbali na bahari, na ambao ziwa lao kubwa la jirani ni la maji matamu. Namna ilivyowafikia itaelezwa baadaye, kwa kuwa kabla ya chumvi kulikuwa na moto.

Nchi iliyo kusini na kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, Uzinza na sehemu za Geita ya leo, ilikuwa nchi ya chuma kabla ya kusifika kwa dhahabu. Warongo, mafundi waliojulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma, walijenga matanuri ya udongo, wakapuliza kwa mivukuto na mirija ya udongo, wakafua majembe. Majembe hayo yalikwenda Usukuma na Unyamwezi, yakalima, yakalipiwa mahari, yakawa hata aina ya fedha. Jembe la aina hiyo lilikuwa na mkia wa chuma uliopenyezwa katika mpini wa mti. Halikuwa na hesi. Kilichoingizwa kwa kugongwa kilitolewa kwa kugongwa, na kilichokataa kilipelekwa motoni. Elimu yote ya chuma ilikaa katika mambo mawili, joto na pigo, na katika kujua lini kimojawapo kinatosha.

Yaelekea hesi iliingia bara pamoja na bunduki. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Unyanyembe ilibeba magobori kwa maelfu, na Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliijenga dola yake kwa ruga-ruga waliozishika bunduki hizo. Kila gobori lina kifyatulio, na kifyatulio hushikwa kwenye ubao kwa parafujo. Bunduki ilipoharibika mbali na pwani, aliyeitengeneza hakuwa fundi wa Zanzibar wala wa Ulaya; alikuwa mhunzi wa karibu, aliyezoea jembe na mkuki. Hapo ndipo mkono uliozoea kupiga ulipolazimika kujifunza kuzungusha.

Dola za kikoloni zilileta hesi kwa wingi, lakini hazikuleta hesi ya aina moja. Jambo hili huonekana dogo kwa asiyewahi kushika spana, na kwa hakika limewatesa mafundi kuliko kutu. Joseph Whitworth wa Uingereza aliweka kipimo chake mwaka 1841, na meno ya hesi yake yana pembe ya nyuzi 55. Wamarekani walichagua nyuzi 60. Watu wa Bara la Ulaya walichagua nyuzi 60 vilevile, lakini wakahesabu kwa milimita. Bolti ya Whitworth yenye unene wa nusu inchi ina meno 12 katika kila inchi. Ya Kimarekani ya unene uleule ina meno 13. Mtu akiyachanganya, nati huingia mizunguko miwili mitatu kwa unyenyekevu, kisha hukaza. Mwenye haraka hudhani ni uchafu, akaongeza nguvu. Meno hulana.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga. Viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa na injini zao, na malori yaliyobeba pamba yalikuwa na zao. Katika miaka ya 1930 uchimbaji wa dhahabu ulishamiri Geita, na mgodi wa huko ulidumu hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Almasi ya waridi iliyotoka huko mwaka 1947, ya karati 54.5, ilizawadiwa binti mfalme wa Uingereza aliyekuwa akiolewa, na dunia ikalijua jina la Mwadui kwa sababu hiyo. Hakuna aliyeandika habari za karakana zake katika miaka ya Vita Kuu ya Pili kwa shauku kama hiyo. Lakini meli zilikuwa na mizigo mingine, vipuri vilikuwa adimu, na mgodi ulihitaji kuzunguka. Katika mazingira ya namna hiyo bolti iliyokatika haiagizwi. Inachongwa au inaokolewa. Vijana walioanza kwa kushika taa na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa walitoka katika migodi, reli na viwanda vya pamba wakiwa mafundi. Wengi hawakuwa na cheti, ila walikuwa na masikio ya kusikia chuma kinapokaribia kukatika.

Hapa lugha nayo iliingia kazini. Fundi wa Kiswahili hasemi kwamba nati imekwama tu. Husema imegoma. Kitenzi hicho ndicho kilichotumika kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947, mgomo wao ulipoanza na kusambaa bara kufuata njia ya reli, na ndicho kilichotumika Unguja katika mgomo mkuu wa mwaka 1948. Chuma na mtu vikapewa tendo moja. Husemwa pia kwamba bolti imeliwa, pale pembe sita za kichwa chake zinapolika na kuwa mviringo hata spana ikazunguka bure. Na kwamba imekatikia ndani, pale kichwa kinapobaki mkononi na mwili ukasalia tumboni mwa injini. Ipo pia spana yenye taya inayofunguka na kufunga kwa saizi yoyote, ambayo gereji nzima huiita spana malaya. Jina hilo si la mezani kwa wageni, lakini dharau iliyomo ndani yake ni ya kitaalamu: kinachokubali kila nati hakiishiki vizuri nati yoyote, na vichwa vingi vilivyoliwa vimeliwa nacho. Tuhuma hiyo ina haki yake, japo jina linawaonea wasiohusika.

Baada ya uhuru malori ya vyama vya ushirika yaliendelea kusomba pamba ya Usukuma. Kiwanda cha TAMCO Kibaha kiliunganisha malori ya Scania. Kisha yakaja mambo mfululizo. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliyachukua malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika, na mengi yaliyorudi yalirudi yamechoka. Fedha za kigeni zikaadimika. Gari lililoharibika liliwekwa juu ya mawe, na usemi huo haukuwa wa mfano: magurudumu yalivuliwa yakasaidie gari jingine, na chini yakapangwa mawe kweli.

Anayetafuta chimbuko la subira ya mafundi wa Kanda ya Ziwa aitazame miaka hiyo, kuanzia 1979 hadi katikati ya miaka ya 1980. Fundi mwenye duka la spea jirani anaweza kuikata bolti na kununua nyingine. Asiye nalo hulazimika kuitoa nzima, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo atakayoirudisha. Bolti iliyookolewa kutoka gari lililokufa ilikuwa mali. Ilinyooshwa, ikasuguliwa kwa tupa, hesi zake zikasafishwa, ikahifadhiwa katika kopo. Mengi yasemwayo kuwa ni ujanja wa gereji za uswahilini yalikuwa hesabu ya uchumi wa nchi nzima, iliyofanywa na mtu aliyelala chali mchangani.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na katika awamu ya Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985, milango ilifunguka zaidi. Magari ya mtumba yakaanza kushuka, mengine kwa njia ya Dubai, na hatimaye kwa wingi kutoka Japani moja kwa moja hadi bandari ya Dar es Salaam. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Watanzania, na usukani wao uko kulia. Sheria yao hulitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wenye magari wayauze yangali na uhai mrefu. Corolla, Hiace, Noah, Land Cruiser, Canter na Fuso zikapanda bara. Spana za inchi zikaanza kulala masandukuni, na namba za Kijapani zikawa alfabeti mpya ya kijana wa gereji: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba.

Na ndani ya magari hayo ilikuwamo ile chumvi. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria ya kuzuia tairi zenye misumari, zilizokuwa zikitumika katika theluji, kwa sababu misumari ile ilichimba lami na kujaza vumbi katika miji ya kaskazini. Tairi zile zilipoondoka, barabara zenye barafu zilihitaji dawa nyingine, nayo ilikuwa chumvi, iliyomwagwa kwa wingi kuliko zamani. Gari lililopitisha majira kadhaa ya baridi Hokkaido au Tohoku hubeba chini yake maji ya chumvi yaliyorushwa na magurudumu. Juu linang'aa, rangi haina mkwaruzo, viti vinanukia upya. Kisha hupandishwa melini, huvuka bahari, husubiri bandarini katika hewa ya pwani, na huendeshwa zaidi ya kilomita 900 hadi Shinyanga. Siku ya kwanza bushi zinapotakiwa kubadilishwa, fundi wa Kahama hukutana na bolti nyekundu kama matofali, iliyoungana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi hata havitenganiki. Gari jingine la aina ileile na la mwaka uleule, lililoishi kusini mwa Japani, hufunguka bila ya ugomvi. Fundi mzoefu hahitaji karatasi za mnada kujua gari lilikotoka. Huinama, hutazama vichwa vya bolti za shokapu, akataja bei ya kazi.

Nini hufanyika bolti inapogoma? Vijana hudhani kazi huanza kwa nguvu, nao wazee hawaishi kuwakanya. Kwanza husafishwa hesi zilizo nje kwa brashi ya waya, kwa sababu nati inayotoka itapita hapo, na mchanga ulioachwa utaila. Kisha huja mafuta: ya kununuliwa yenye wepesi wa kupenya kwa aliye nayo, au mchanganyiko wa dizeli na mafuta mengine mepesi kwa asiye nayo. Wengine humwaga soda nyeusi, ambayo ina asidi kidogo, na ushindi wake hutangazwa kuliko unavyostahiki. Mafuta yanataka muda. Kutiwa jioni na kurudiwa asubuhi ni bora kuliko kutiwa na kusukumwa papo hapo, na gereji yenye magari mengi na fundi mmoja huwa na fadhila hiyo bila ya kuitafuta.

Baada ya hapo kichwa hugongwa kwa nyundo, kwa kunyooka, mapigo makavu yasiyo makubwa. Pigo halikusudii kuisogeza bolti. Linakusudia kuivunja kutu, kwa kuwa kutu ni gumu lakini ni la kuvunjika kama kigae, na ufa mmoja ndani yake ni njia ya mafuta. Spana inayotumika ni ya ringi au soketi yenye pembe sita, inayoishika nati pande zote. Ile ya mdomo wazi hushika pembe mbili tu, na pembe mbili ndizo zitakazoliwa. Kisha fundi hufanya jambo ambalo mgeni hudhani ni kosa: huikaza kwanza. Hukaza kidogo sana, hadi asikie mlio mfupi, kama wa ukuni mkavu. Mlio huo ni habari njema. Kutu limeachia. Ndipo hufungua robo mzunguko, akarudisha nyuma kidogo, akatia mafuta, akafungua tena. Bolti itokayo hivyo hutoka kwa hatua mbili mbele na moja nyuma, na huweza kula nusu saa. Inayolazimishwa hukatika kwa dakika moja, kisha hudai siku nzima.

Mafuta yakishindwa, hurudiwa elimu ya Warongo. Gesi ya kuchomelea huwashwa, na moto huelekezwa kwenye nati, si kwenye bolti. Chuma hupanuka kinapopata joto: nati yenye tundu la milimita 12, ikiongezewa joto la nyuzi 300, hupanuka takriban sehemu 4 katika 100 za milimita moja. Kiasi hicho jicho halikioni, lakini kutu hukihisi na kupasuka. Wapo wanaougusisha mshumaa kwenye hesi zikiwa za moto, na nta huyeyuka ikavutwa ndani kule ambako mafuta yalikataa kufika. Joto lina adabu zake. Karibu na mipira ya breki, mabomba ya petroli au bushi yenyewe, moto huweza kuharibu zaidi ya ulichookoa, na bolti iliyopigwa moto hadi ikawa nyekundu imepoteza ugumu wake. Hiyo hairudishwi. Kichwani mwake huenda pameandikwa 8.8, alama ya kiwandani ya nguvu yake, lakini baada ya moto maandishi hayo ni shahidi aliyekwisha kubadilisha kauli.

Iliyokatikia ndani ina tiba yake. Kama kipande kimechungulia nje, nati nyingine huwekwa juu yake na kuchomelewa kwa kati. Joto la kuchomelea hulegeza kutu, na nati mpya hugeuka kuwa kichwa kipya. Kama kimezama, hutobolewa katikati kwa keekee, kwa saizi ndogo kwanza, na hapo mkono hautakiwi kutetemeka. Injini nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa aluminiamu, ambayo ni laini kuliko bolti iliyomo ndani yake. Keekee ikiteleza huiacha bolti ngumu ikala ukuta laini. Tundu hupanuka, hesi hupotea, na gari lililokuja kwa tatizo la bolti moja huondoka na tatizo la injini. Vipande vya chuma vinavyoruka vimeharibu macho ya watu wasiovaa miwani, na katika gereji nyingi za wazi miwani hiyo haipo.

Dhahabu iliyabadilisha mengi katika kazi hii, na si yote kwa wema. Wachimbaji wadogo walifurika Nyarugusu na vijiji vingine vya Geita. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi ulizalisha kuanzia 2009 hadi ulipofungwa mwaka 2021. Geita yenyewe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza, ikawa mkoa mwaka 2012. Ndani ya uzio wa migodi mikubwa, bolti hukazwa kwa kipimo na kuandikwa daftarini. Nje ya uzio, gari lililobeba mawe ya dhahabu kupeleka kwenye karasha ni gari la mtumba lililozidiwa mzigo katika njia ya matuta, na mwenye mawe anataka yafike leo. Kwa miaka mingi spea zilizotoka Mwanza kwenda Geita zilisubiri kivuko cha Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025. Spea imekaribia. Haraka haikupungua.

Na haraka huja na bunduki ya upepo, mashine inayofungua na kukaza nati za gurudumu kwa sekunde. Kwa kufungua, ni rehema. Kwa kukaza, haijui mwisho, isipokuwa aishikaye anajua. Nati ya gurudumu iliyokazwa kupita kiasi huivuta bolti mpaka ikapoteza uwezo wa kurudi, na meno yake huanza kulika pasipo mtu kuona. Anayekutwa na msiba si fundi. Ni abiria wa Hiace, njiani usiku, gurudumu linapotangulia mbele ya gari.

Lipo jambo moja ambalo limeziangamiza bolti nyingi nzima, zisizo na kutu hata kidogo. Malori mengi ya Kijapani ya zamani yalitengenezwa na hesi za kinyume upande wa kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze nati. Ya kulia hufunguka kama kawaida. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nyingine zote hukazwa. Bolti huwa na herufi L au R kichwani, ndogo, mara nyingi chini ya tope. Kuanzia karibu mwaka 2010 Wajapani walihamia mtindo wa kimataifa, hesi zote za kulia. Kwa hiyo katika barabara moja ya Geita hupita Fuso mbili zinazofanana kwa rangi na sura, na moja hufunguliwa kinyume cha nyingine. Utingo aliyejifunzia kwenye lori jipya akapewa la zamani huweka bomba refu kwenye spana, akasimama juu yake kwa uzito wake wote, akidhani nati imegoma. Haikugoma. Yeye ndiye anayeikaza. Bolti hukatika, naye huandika deni lake kwa mwenye lori. Fundi mtu mzima hufuta tope kwa kidole gumba kabla ya kugusa chochote, na tendo hilo moja huwatenganisha wenye gereji na wapita njia.

VETA, iliyoundwa mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari kwa vitabu na vyeti, na vijana wa Shinyanga hupita huko. Mengi ya haya, hata hivyo, hujifunzwa bado kwa kukaa karibu na anayejua. Maneno yake hayana mtunzi. Hesi, tindo, tupa, jiriwa na keekee yamo katika kamusi. Maana ya kugoma kwa chuma, kuliwa kwa kichwa na kukatikia ndani huishi zaidi midomoni, na mpenzi wa lugha angefanya vyema kuyafuata huko yaliko.

Bolti iliyotoka haitupwi mara moja. Iliyonyooka na yenye meno mazima huingia kwenye kopo. Iliyopinda au kupigwa moto hutupwa kwenye rundo la chuma chakavu, ambalo hununuliwa kwa kilo na kusafirishwa hadi viwandani kuyeyushwa, mara nyingi ikawa nondo za kujengea. Katika kopo, chini kabisa, chini ya namba kumi na namba kumi na mbili za Kijapani, hukutikana wakati mwingine nati mbili tatu za inchi, zenye meno ya Whitworth, zisizoingia katika gari lolote lililoegeshwa uani. Fundi huzimwaga pamoja na nyingine mkekani anapotafuta ya kulingana, huzitazama, kisha huzirudisha.